Zamu ya Mama wa Vitenge

Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo hapa Kisugu, Kampala, inasali kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha pekee ambayo hakuna anayeijua kiasi cha kuwaringia wenzake. Tuko Wakongo, wake wa polisi, wajane wa wanajeshi, na Mkenya mmoja anayetusahihisha bila kuombwa. Kila Jumatano saa kumi na moja jioni tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, tunasoma Injili kwa hatua saba. Mwenyekiti ni sajini mstaafu wa polisi, sote tunamwita Afande, kwa hiyo hizo hatua tunazipiga kweli kweli. "Hatua ya tatu!" anaamuru, na kila mtu anachagua neno lililomgusa katika somo, analirudia mara tatu. Hatua ya nne ni kimya. Afande anaitazama saa yake, dakika tatu kamili, asikohoe mtu. Roho Mtakatifu naye sharti awe ameripoti kwa wakati.

Hatua ya tano tunashirikishana, yaani wale watatu wanaosema kila wiki wanasema tena. Ya sita tunajipangia kazi ya huruma. Ya saba ni sala, halafu chai. Ukimsikia mtu anasifia jumuiya yetu kwamba ina uzima wa kiroho, muulize kwanza wiki hiyo alikunywa chai kwa nani.

Mimi ndiye katibu. Ninapanga zamu, nani atatupokea nyumbani kwake Jumatano ipi, naiweka ratiba kwenye WhatsApp kila mwanzo wa mwezi. Ni cheo kidogo, lakini vyeo vidogo ndivyo vinavyonoga. Mume wangu, mwanajeshi mstaafu, Mwislamu wa Arua, akimaliza kuswali alasiri ananikuta najifunga kilemba. "Haya, nenda karudie maneno mara tatu," ananiambia. "Mimi ukiniambia mara moja tu nasikia." Uongo mtupu! Hajawahi kusikia hata mara ya tano.

Katika jumuiya kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu, mjane, anauza vitenge kwa kutembeza, nguo zimelala begani mwake kutwa nzima. Anaishi chumba kimoja, nyuma ya kinyozi. Alikuwa hakosi Jumatano hata moja, anakaa karibu na mlango, anarudia neno lake kwa sauti ambayo hata yeye sidhani alikuwa anaisikia. Mwaka wake wa kwanza alinivuta pembeni akaniuliza, "Mwanangu, zamu yangu ni lini?"

"Bambi, mama," nikamwambia, "wewe usijisumbue."

Bambi ni neno la huruma hapa Kampala. Mtu akifiwa, bambi. Akikanyagwa mguu, bambi. Ni neno tamu, halimgharimu msemaji kitu. Kamati nzima ilikuwa na maoni hayohayo: mkimbizi, chumba kimoja, atatoa wapi viti, atatoa wapi sukari? Tukamruka kwa upendo. Mwaka wa pili tukamruka tena, kwa upendo mkubwa zaidi.

Kwaresima iliyopita Afande akatangaza kazi ya hatua ya sita: tumtafute mtu aliyesahaulika, tumtembelee. Loo, tulijadiliana wiki mbili! Mwisho mmoja akasema amesikia kuna mzee huko Ggaba, karibu na mwalo, pale wavuvi wanaposhusha samaki, anaishi peke yake kabisa. Tukaenda wote na sabuni na sukari, tukaimba mlangoni. Akafungua kijana mkubwa, nyuma yake mwingine, nyuma yao watoto sita, na mzee mwenyewe kakaa katikati ya wake wawili anakula. Alipoona sabuni na sukari akatuuliza tunamfanyia kampeni nani. Tulipiga picha naye hata hivyo, maana safari ilikuwa imeshafanyika, kisha tukanunua samaki.

Wakati wa kurudi mama wa vitenge aliketi pembeni yangu garini. Alicheka juu ya yule mzee mpaka akafuta machozi. Halafu akasema, "Mtoto wangu ameniita kwa kambi ya wakimbizi, kule upande wa Mbarara. Mwisho wa mwezi nakwenda, na kurudi sirudi. Nataka musali kwangu mbele ya kwenda. Mara moja tu."

Nikamwambia tutaangalia. Mnajua maana ya tutaangalia. Niliwaambia wanakamati, wakasema bambi, ana mizigo ya kufunga, tusimtese. Na mimi, mwenye kalamu, nikaandika ratiba ya mwezi huo bila jina lake.

Jumatano ya mwisho, saa sita mchana, nilikwenda kwake kutafuta kitenge cha bei ya kuaga. Alitakiwa kusafiri Ijumaa. Nikamkuta ameinama mlangoni, beseni mbele yake, anaosha vikombe. Vikombe vya bati vyeupe, ukingo wa buluu, kumi na viwili, vyote vipya. Hakuna hata kimoja kilichobanduka rangi.

"Mama, unauza na vyombo sasa?"

"Hapana. Ni vya jumuiya." Aliendelea kusugua. "Nilinunua kwa soko ya Owino ule mwaka nilifika. Kila Jumatano naviosha. Muko na mambo mingi, ninyi. Siku moja mungekuja bila kusema, mukute vumbi?"

Nilihesabu kichwani Jumatano za miaka mitatu. Nilitamani ardhi inimeze, na ingekuwa na haki ya kunitema. Sikununua kitenge. Nilimwambia aweke maji jikoni, tunakuja leo.

Afande alikuwa kibarazani kwake anasoma gazeti. Nikamweleza. Akaniambia leo ni zamu ya Mkenya, mkate ameshanunua, na ratiba ni ratiba.

"Afande," nikasema, "ratiba ni mimi. Tulimpeleka sukari mzee mwenye wake wawili, na huyu tukamwacha aoshe vikombe miaka mitatu! Kama unataka kwenda kwa Mkenya, nenda, mkapige hizo hatua saba ninyi wawili."

Alinitazama kama mtu anayekumbuka zamani alikuwa na pingu. Kisha akakunja gazeti, akaenda kutafuta viatu vyake. Kwa hilo namsifu.

Saa kumi na moja tulikuwa tumejazana chumbani. Wanne kitandani, wawili juu ya mzigo wa vitenge uliokwisha kufungwa, mimi juu ya debe, wengine wamebanana ukutani, Afande kizingitini, nusu yake ndani nusu nje. Mkenya alikuja na mkate wake, hakumsahihisha mtu yeyote. Somo lilikuwa habari ya yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mti ili amwone Yesu, na Yesu akamwambia ashuke upesi, akajikaribisha kwake. Ilipofika hatua ya tatu, mwenye nyumba akaanza kabla ya kuamriwa. "Upesi," akasema. Kwa sauti, safari hii. "Upesi. Upesi." Afande aliinua mkono kutazama saa, akaushusha bila kuitazama.

Kimya chetu siku ile kilipita dakika tatu. Hakuna aliyekohoa, na hakuna aliyeamriwa.

Hatua ya sita Afande akasafisha koo. "Kazi ya wiki. Kuna mwingine tuliyemsahau?" Kila mtu akatazama sakafu, na sakafu yenyewe ilikuwa ndogo. Mama akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Katibu," akasema.

Nilidhani ananiita, nikaitika.

"Hapana, nasema kwa katibu. Kwake hatujafika hata siku moja. Miaka mitatu nasoma ile ratiba yake, natafuta jina yangu, haiko. Ndiyo nikaona na yake haiko."

Nikacheka. Nikasema mimi nina shughuli, nikasema nyumba yangu iko mbali, nyumba ambayo kutoka pale ungeweza kuliona bati lake. Nikaendelea kusema mpaka nikasikia ninavyosema. Nyani haoni kundule. Ukweli ni kwamba sikuwahi kujiandika kwa sababu ukutani kwangu kuna msala umetundikwa, na kitini kuna mzee wa kanzu na kofia, na nilijua vizuri kabisa jinsi wenzangu wangeutazama ule msala, wakamtazama yeye, kisha wakanigeukia mimi na kuniambia bambi. Neno nililomlisha mwenzangu miaka mitatu, mimi mwenyewe sikuweza kulimeza hata mara moja.

"Jumatano ijayo," Afande akasema, "kwa katibu." Hakuuliza kama nina viti.

Tulikunywa chai. Vikombe vilikuwa kumi na viwili, nasi kumi na watatu pamoja na mama, yeye akanywea kifuniko cha chupa ya chai na kutuhimiza tumalize mkate. Sijawahi kumwona mtu anafurahi vile kwa kumwagiwa chai kitandani. Tulipoaga, akavisuuza vikombe, akavipanga kwenye beseni, akaniwekea mikononi.

"Mimi kwangu mumekwisha kuja," akasema. "Wewe ndiye utavihitaji."

Nilipita barabarani na beseni kichwani, vikombe vinagongana, watu wananitazama. Mume wangu alikuwa mlangoni. Alinishusha mzigo, akaviangalia vikombe kimoja kimoja.

"Nani anakuja?"

"Jumuiya. Jumatano. Ukitaka unaweza kwenda kwa rafiki yako siku hiyo."

Alikichukua kikombe kimoja, akakifuta kwa ncha ya kanzu yake, ingawa kilikuwa kisafi.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani unanionea haya."

Mimi, mwenye mdomo wangu huu, nilisimama pale nikitafuta neno moja la kumjibu, hata la kurudia mara tatu. Sikulipata, kwa sababu alikuwa amesema kweli.