Karamu Bila Sufuria

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo: mimi ndiye yule mwanamke wa Biryogo, hapa Kigali, aliyealika mtaa mzima karamu, watu wakaja wamevaa wakapendeza, Maalim akaja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikono, na kwangu jikoni hapakuwa na sufuria hata moja juu ya moto. Mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea. Ila nisikilizeni kwanza, maana sikukusudia, na yote yalianza na jambo zuri kabisa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, nashona nguo barazani kwangu, naishi na binti yangu Zaina wa miaka tisa, mtoto mwenye mdomo wa kukuuza na kukununua sokoni, lakini kitabu akikiona anakuwa bubu. Darasa la kwanza alikuwa amelirudia mara mbili. Mwalimu wake aliniita, akaniambia kwa upole (na upole wenyewe ndio ulioniumiza) kwamba mwisho wa muhula atamsimamisha asome sentensi moja tu, akishindwa, basi nisimrudishe tena, nimfundishe cherehani. Nililia njia nzima. Si kwamba cherehani ni kazi mbaya, ndiyo iliyotulisha, ila mimi niliishia darasa la nne, barua naisoma kwa kidole mpaka leo, na sikutaka mwanangu naye aone haya kila anapopewa karatasi.

Sasa jirani yetu Mzee Sadi, dereva wa malori ya Mombasa, akarudi safari moja na deki ya video na kaseti za kipindi cha watoto wa ng'ambo. Watoto wenyewe ni wapelelezi. Kitu kinaibwa, kisha wanaanza kuokota vikaratasi na maandishi ya ukutani, wanayaweka mawili mawili pamoja, wanalinganisha herufi moja moja mpaka mwizi anajulikana. Hakuna polisi wala bunduki, ni kusoma tu. Kila Jumapili mchana watoto wa mtaa walijaa sebuleni kwa Mzee Sadi, na mimi ndiye mkalimani (nilikaa Kampala miaka miwili kwa shangazi yangu, Kiingereza changu ni cha kununulia nyanya, lakini nani angejua?). Nisipoelewa nilitunga. Kuna bibi mmoja asiye na hatia nilimfanya mwizi vipindi vitatu mfululizo.

Lakini Zaina! Mtoto aliyekuwa akilikimbia daftari, sasa anasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo, ananiuliza, "Mama, ile ya kwanza ni nini? Na ile iko sawa na ya jana?" Moyo wangu ulipiga kelele ya furaha, nikajisemea, hapa hapa, kabla muhula haujaisha. Nikamwagiza Mzee Sadi aniletee katoni ndogo ya kalamu, naye akaleta, akaniachia mlangoni na kuondoka tena na lori lake. Mpango wangu ulikuwa watoto wote waje na wazazi wao, kila mmoja apewe kalamu, tuanzishe chama cha wapelelezi, Zaina awe kati ya wenzake asione haya.

Hapo ndipo nikafanya kosa langu dogo. Badala ya kupita nyumba kwa nyumba, nikaona niandike tangazo, kama kwenye kipindi. Nikachukua boksi tupu la vitambaa, nikaandika kwa makaa, herufi kubwa, nikalitundika kwenye mlango wa duka la kona:

WATOTO WOTE NA WAZAZI WAO. JUMAPILI SAA NANE KWA MAMA ZAINA. KUTAKUWA NA KARAMU YA KUSOMA. KILA MTU ATAPATA YAKE.

Nyinyi mmeshaona. Mimi sikuona. Sisi watu wa huku R na L ni pacha kwenye ulimi, tunawaita wote kwa jina moja na wote wanaitika, na mkono wangu uliandika kile ulimi ulichousomea.

Ubaya ni kwamba hata walioniuliza hawakuniokoa. Mama Asha, jirani wa ukuta mmoja na mimi, alisimama barazani akashika kiuno. "Yewe, Mama Zaina, ni kweri iko karamu?"

"Iko, mama, iko nyingi!"

"Hata sisi wakubwa tutapata?"

"Kila mtu yake, nimeandika."

"Na ni ya Zaina kusoma?"

"Ni ya Zaina hasa," nikasema, nikijisikia mama bora kuliko wote Kigali.

Mama Asha akanikumbatia, akafuta na chozi. Nikashangaa, lakini nikafikiri labda na yeye anapenda elimu. (Kumbe kwetu Waislamu wa Biryogo, karamu ya kusoma ni moja tu, mtoto amehitimu Kurani, na habari ikaenda mtaani hivyo: yule Zaina tuliyemdhania mzito, kamaliza msahafu mzima.)

Jumapili saa nane nikafungua mlango nikiwa na katoni yangu mkononi. Lahaula! Ua umejaa. Wanawake wamevaa vitenge vya sikukuu, wazee wameacha chakula cha mchana kwao ili wapate nafasi tumboni, watoto wameshikilia sahani, Mama Asha ameleta kanga mpya ya zawadi, na mbele kabisa, kwenye mkeka, ameketi Maalim wa madrasa. Mzee mmoja alinyoosha shingo kuelekea jikoni, akanusa, akamwambia mwenzake, "Hii pirau mbona haina harufu?"

Nikaanza kugawa kalamu. Sikujua la kufanya, mikono ikaanza yenyewe. Yule mzee akaipokea yake, akaigeuza, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, hii ni ya kuchokolea meno? Nyama inakuja nyuma?"

Kabla sijajibu, Maalim akainua mkono, watu wakanyamaza. "Kwanza mtoto," akasema. "Zaina, binti yangu, kaa hapa. Tusomee."

Jamani. Njaa ya watu ningeibeba, kicheko ningekibeba. Lakini nilimwona mwanangu anakaa kwenye mkeka ule, midomo imekauka, macho ya mtaa mzima juu yake, na mimi ndiye niliyemkalisha pale. Nilitaka kusema, "Hajui, niachieni mwanangu," nikabaki nimeikumbatia katoni. Nikawaza, leo ndiyo mwisho, hatagusa tena kitabu mpaka anazeeka.

 Zaina akanyanyuka. Nilidhani anakimbia, lakini alikwenda kwa Mama Asha, aliyekuwa amelibandua tangazo akaja nalo kama mtu anayekuja na kadi ya harusi. Akalichukua. Akaja kwangu akachukua katoni, ambayo mwenye duka wa Mombasa alikuwa ameiandika kwa wino mweusi. Akaviweka vyote viwili mkekani, ubavu kwa ubavu, akainama, akatembeza kidole.

"Ka... la... mu," akasoma kwenye katoni.

Akahamia kwenye tangazo. "Ka... ra... mu." Akarudi. Akaenda tena. Kisha akainua uso, na uso ule siusahau. "Mwizi ni R! Mama, umeweka R, ilitakiwa L! Ni karamu—ni kalamu—ni za kuandikia!"

Yule mzee wa kuchokolea meno akaangua kicheko, ua mzima ukafuata, watu wanajishika mbavu, mimi nimejifunika uso kwa mtandio nalia na kucheka pamoja. Maalim alisubiri mpaka wakatulia, akamwekea Zaina ile kanga mabegani. "Niliomba asome," akasema, "na amesoma." Njaa lakini haikuondoka, Mama Asha akaenda kuleta maharage yake na ugali wa mihogo, mwingine akaleta chai, tukala kidogo kidogo sana, na wazee walinung'unika mpaka Ijumaa.

Mwisho wa muhula Zaina alisoma sentensi tatu. Wengi waliokuwa uani siku ile sikuwaona tena baada ya mwaka wa tisini na nne, na nikiwakumbuka nawakumbuka hivyo, wananicheka, na nafurahi kwamba niliwachekesha.

Tangu hapo nimeapa, sitatundika wala kutuma maandishi ambayo binti yangu hajayapitia. Hata haya mnayoyasoma ameyapitia yeye, amevaa miwani yake ya ukubwani, na alipomaliza akanirudishia akisema, "Mama, nimekuta R nne, nimezitoa."