Kamyoneti Isiyozimwa

Faradji alisali na sikio moja tu. La pili lilikuwa nje ya msikiti wa Kasongo, ambako kamyoneti yake, gari dogo la mizigo, ilinguruma peke yake, jiwe limewekwa juu ya pedali ya mafuta. Mngurumo ukipungua kidogo, Faradji alifupisha sijida. Wazee walikwisha kumsema, imamu alikwisha kumsema, naye aliitikia vizuri kila mara, na Ijumaa iliyofuata jiwe lilikuwa palepale.

Hakuwa mtu wa majivuno. Aliogopa tu kuzima, kwa sababu akizima haiwaki.

Aliinunua mwaka wa 1954 kwa mzungu mmoja wa pamba aliyekuwa anarudi kwao. Wiki ya tatu demarere, ile mashine ndogo inayoamsha injini, ikagoma. Akaipeleka kwa Octave, fundi mwenye mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Octave alitengeneza demarere, taa zikafa. Akatengeneza taa, honi ikawa inalia yenyewe kila gari lilipokata kushoto, hata mbuzi wa mtaani wakajua kukaa kulia. Akatengeneza honi, demarere ikafa tena, meno ya hendeli ya kuzungushia injini yakawa yamelika, na breki ya mkono, ambayo hakuna aliyemwomba aiguse, ikawa haishiki.

"Sasa iko muzuri, papa Faradji," alisema Octave, akijifuta mikono. "Lakini usizime."

"Gari gani hii ya kutozima?"

"Gari yenye iko na nguvu."

Ningekuwa mimi, ningemvua kofia nikaikanyaga. Faradji alishukuru, akaenda zake.

Tangu siku hiyo hakujua kutulia. Mchana kutwa alikuwa mbio, na hata chakula alikula amesimama mlangoni, kijiko mkononi, macho barabarani. Jioni akizima, asubuhi mtaa mzima uliitwa kusukuma. Mkewe Subira aliwaambia wenzake kwamba ameolewa na askari wa zamu.

Yote hayo aliyavumilia kwa ajili ya mtu mmoja. Mama yake, Mama Waridi, aliishi peke yake upande wa Kabambare, ng'ambo ya mto Luama, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Faradji alitaka aje wakae pamoja Kasongo. Mara mbili alimpelekea kipoyi, kile kiti kinachobebwa na wanaume wanne mabegani, na mara mbili mama alikirudisha kitupu. Marehemu mumewe alikuwa amewabeba wakubwa wa serikali kwenye kipoyi mpaka bega likaoza, na ni yeye aliyekuwa akiliosha bega hilo kila jioni, hadi siku alipomzika.

"Sitakaa juu ya bega ya mutoto wa mutu," alisema. "Nitakuja na motokari ya mwanangu, ao nitabakia hapa."

Basi Faradji akanunua motokari. Kilichomzuia miaka miwili kwenda kumchukua ni kivuko. Grégoire, kapita, yaani msimamizi wa kivuko, hakuruhusu gari lipande mbao zake injini ikiwa inazunguka.

Habari ilipokuja kwamba mama ameanguka njiani akitoka kisimani, Faradji hakungoja habari ya pili.

"Zima," alisema Grégoire mtoni.

"Ndugu yangu, leo tu!"

"Zima, papa. Sheria iko ya Bula Matari, ya serikali, haiko yangu."

Alizima. Ng'ambo, wapiga kasia sita walisukuma kwa jasho mpaka ikawaka, naye akaondoka bila hata kuwaaga.

Mama Waridi alitoka amevaa kikwembe kipya, akaaga majirani mmoja mmoja, hana haraka, huku Faradji akilizunguka gari lililokuwa likitetemeka.

"Mama, twende!"

"Motokari yako iko na homa, baba?"

"Iko nayo, mama. Panda."

Alikaa mbele, furushi la nguo mapajani, akiwapungia watu wa njiani. Faradji alimtazama, akafurahi.

Mtoni akazima tena. Wakavuka. Ukingo wa upande wa Kasongo ni mkali zaidi, na wapiga kasia waliweka mabega nyuma ya gari, wakaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa zamani, ule wa wabeba kipoyi. Mama aligeuza shingo.

"Faradji, simamisha."

"Wanasukuma tu, mama."

"Naona bega. Hii iko kipoyi."

Akafungua mlango, akashuka. Akakaza kikwembe kiunoni, akaenda nyuma na magoti yake mabovu. "Sogeeni," akawaambia. Wanaume walicheka, kisha wakaona hatanii, wakampa nafasi.

Wakasukuma. Injini ikakohoa, ikashika, gari likaruka mbele. Kwenye kioo Faradji aliwaona wanaume wamesimama, na mama yake yuko chini, mikono na magoti kwenye udongo, kwa kuwa alichokuwa amekiegemea kimemkimbia.

Hatua hamsini mbele palikuwa tambarare. Hapa palikuwa mwinuko, breki ya mkono haishiki, na watu wako nyuma. Kushuka ni kuzima. Na injini ilikuwa inazunguka vizuri, vizuri kuliko siku zote.

Akazima, akaliacha kwenye gia, akashuka mbio.

Alipiga magoti, akampangusa mama viganja kwa kanzu yake.

"Umezima," mama alisema.

"Nimezima."

"Itawaka?"

"Sijui, mama."

Aligeuka, akainama, akampa mgongo. Mama Waridi alilitazama bega lile. Akaliminya kwa vidole, kama mtu anayetafuta panapouma.

"Hii haiko ya mutoto wa mutu," alisema. "Hii niliizaa."

Akapanda. Faradji akambeba kuelekea juu, polepole, na walipolipita gari hakugeuza hata sikio.