Kilio Nilichomnyima Paulina

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Mtoto wangu Petro alikuwa amezikwa jana yake. Surua ilimchukua akiwa na miaka miwili. Nyumbani kwetu Mungaa wanawake walikuwa wameshakaa kwenye mkeka kunililia, na mimi mfiwa sikuwepo. Nilikuwa shambani, napalilia uwele.

Kwetu mfiwa hashiki jembe mpaka matanga yaanuliwe. Nilijua. Lakini kijiji kizima kilijua kwamba silii, na sifa ile niliipenda. Nilizaa bila kulia, nikasema hata hili halitaniliza mbele ya majirani. Shule niliishia darasa la pili, ila kwa ukaidi nilikuwa profesa.

Paulina, dada yake Petro, wa miaka sita, alinifuata na kijembe chake.

"Mama, Petro atarudi lini?"

"Palilia."

Midomo ikaanza kumtetemeka. Nikamgeukia: "Ukilia hapa nitakuchapa, upate cha kulilia!"

Akayameza machozi, mwanangu. Niliona koo lake likishuka. Akainama, akapalilia.

Mama mkwe alitukuta hapo. Hakupaza sauti. "Wenzako wamejaa nyumbani. Wamlilie nani, mlango?"

"Walie, wakichoka waende. Mimi nina magugu, mama."

Akamtazama mtoto. "Jana ulizika mmoja. Huyu unamfukia akiwa hai." Akamshika mkono aondoke naye, nami nikamvutia kwangu. Mama mkwe akarudi peke yake.

Tangu siku hiyo sikumwona Paulina akilia. Aliunguzwa mguu na uji wa moto, kimya. Baba yake alipofariki, kimya. Nami nikajisifu kisimani: "Huyo ni damu yangu, si kama hao wenu wa kulialia." Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilidhani nimelea chuma. Kumbe nimelea mtoto ambaye akiumia, mtu wa mwisho kumkumbuka ni mama yake.

Siku hizi Paulina ni mtu mzima, anauza vitunguu sokoni Ikungi. Mwaka jana jirani alitoka mnadani akanipa pole. Pole ya nini? Ndipo nikasikia kwamba binti yangu alijifungua mtoto asiye hai, amemzika, na siku ya tatu amerudi kwenye biashara. Nikapanda bodaboda na mgongo wangu huu mbovu.

Nilimkuta anajaza vitunguu kwenye ndoo ya sado ya kupimia, maziwa yamelowesha blauzi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Paulina, mbona hukuniita?"

"Ningekuita uje ufanye nini, mama?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikakaa juu ya gunia nikalia, mimi bibi kizee, katikati ya soko. Nilimlilia Petro, nikamlilia mjukuu ambaye sikumwona.

"Mama, wateja wanaangalia," alininong'oneza, akanipa kanga nijifunike uso. Yeye hakulia. Hajalia hadi leo. Kila siku ya soko nakwenda nakaa naye, namenya vitunguu vilivyooza maganda, na tunazungumza habari za mvua. Labda atalia nikiwa hai, labda la.

Sikiliza basi, wewe unayelea. Mtoto akililia kitu unachokiona cha kipuuzi, mpakate kwanza, maneno baadaye. Mapaja ya kumpakata hayachelewi, fimbo ndiyo inayowahi mno. Akiwa kijana akanuna, usimwambie wenzako wana shida zaidi. Kaa karibu, mpe kazi ya mikono mfanye pamoja, atasema. Na wewe mwenyewe ukifiwa, lia watoto wako wakuone, wajue kwamba mtu hulia kisha akanawa uso akapika. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio changu kimechelewa kunifichua miaka zaidi ya thelathini. Watu wazima nao usisubiri wakuite. Hao ndio wanaokufa kimya wakiwa wamesimama. Na sisi wazee mtuulize. Tunajifanya hatuna haja, tunadanganya.

Msiba wako utafika, mwanangu, haumkosi mtu. Siku hiyo Mungu aujaze mlango wako viatu vya watu, na wanao wajue njia ya kuja kwako. Amina.