Siku Nilipoisoma Barua ya Mfalme Huko Kapata

Siku yangu ya kwanza kazini niliketi ukingoni mwa kiti. Ilikuwa Musumba, mji wa Walunda kusini mwa Kongo, katika mahakama ndogo ya paa la mabati, na kesi ilikuwa ya mbuzi. Nilikuwa msichana mwenye Kilunda cha mama, Kiswahili cha soko na Kifaransa cha masista. Bwana Hakimu aliniapisha, kisha akaniambia, "Mkalimani hapunguzi, haongezi. Neno likiwa chungu, lipitishe na uchungu wake."

Kazi yetu ya ukalimani, vijana wangu, ilikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na kunong'ona, ukiinama sikioni mwa mkubwa huku wengine wanaendelea kusema. Na kulikuwa na kufuatisha: mtu anasema, ananyamaza, nawe unasema. Kufuatisha ndiko kugumu, maana watu wote wanakutazama mdomo.

Baadaye nilihamishiwa Kolwezi, ofisi ya mtaa wa Manika, chini ya Karani Mkuu, mtu mpole aliyeogopa fujo kuliko ugonjwa. Yeye ndiye aliyenipeleka Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi pembeni mwa mji.

Kampuni moja ya madini ilikitaka kilima cha huko, ambako familia nyingi zililima mihogo. Mkutano ukaitishwa katika ukumbi wa parokia. Wakili wa wakulima alileta nakala ya barua ambayo mfalme mmoja wa Ulaya, katika karne ya kumi na tisa, alimwandikia afisa wake kwa mkono wake mwenyewe, akimwagiza achukue ardhi zote za huku alizoziita *vacantes*, yaani tupu, zisizo na watu. Wakili alitaka isomwe ili ijulikane wizi ulianzia wapi. Mjumbe wa kampuni naye alitaka isomwe, ionekane kwamba ardhi ni ya serikali tangu zamani. Kila mmoja aliiona barua ile kuwa silaha yake, na mimi ndiye niliyepewa kuishika.

Mlangoni walisimama vijana wachimbaji na mitaimbo yao. Nje, jeep ya polisi. Karani Mkuu akaniinamia, akasema kwa Kiswahili cha huku kwetu.

"Mama, ile neno 'vacantes' uilainishe. Sema 'udongo ya akiba'. Bale batoto batachoma jeep."

Hofu yake haikuwa ya kijinga. Niliwaona vijana wale macho yao. Lakini kiapo kilikuwa changu, si chake. Nilisoma mstari kwa mstari, na nilipofika pale nikasema, "Udongo yote yenye haina bantu, mukamate."

Mtaimbo mmoja ukagonga saruji. Ndipo akainuka Mama Kayemb, mkulima mwenye mvi.

"Mama mukalimani, ule mufalme alifikaka huku?"

Nikamtazama wakili. Akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Hakufikaka."

"Basi alijua namna gani kama hakuna bantu?" Akamgeukia mjumbe wa kampuni, akamwita baba kwa heshima. "Na weye, tata, ulipanda ku kilima?"

Nikaligeuza swali kwa Kifaransa. Mjumbe, kijana wa Lubumbashi aliyetaka yote yasemwe kwa Kifaransa, shati limemganda kwa jasho, akagusa karatasi iliyokuwa mbele yake.

"Walinipa ramani tu," akasema.

Nikalipitisha na hilo. Mlangoni mtu akacheka, kicheko kibaya, nikajua sasa damu itamwagika. Lakini Mama Kayemb alishaanza kujifunga kitenge.

"Twende. Utaona malalo ya bankambo betu."

Akatoka mbele, vijana wakampisha. Tukapanda naye, polisi na wachimbaji pamoja, tukipita katikati ya mihogo hadi kwenye makaburi ya mababu zao. Hakuna aliyepigwa.

Kilima hakikupona. Wakulima waliachiwa wavune, makaburi yakahamishwa kwa sala, kisha mashine zikaingia. Mama Kayemb alipewa shamba mbali, la mawe. Nilipokutana naye sokoni Manika alinishika mkono. "Ulitwambia vile iko," akasema. Mpaka leo sijui kama ilikuwa shukrani.

Sasa nimestaafu, ninaishi Kapata, katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Usingizi wangu ni mwepesi. Ninawaza maneno niliyoyapitisha, na mahali yalikotua.

Juzi watu wenye vyombo vya kupimia ardhi waliingia mtaani kwetu. Niliwauliza wanatafuta nini. Mmoja akajibu bila kuinua macho, "Tunapima tu, mama."

Sikurudi ndani. Nilisimama mlangoni mpaka walipomaliza, ili waandike kwamba hapa kuna mtu.