Suruali Kavu ya Kashindye

Kwa miaka tisa Kashindye Shimba, fundi wa mitumbwi, alitubu kila Jumapili katika kanisa moja la Nyakato, Mwanza. Kila Jumatatu aliingia kiwandani kazini na mzigo uleule.

Kosa lake alilifanya Nansio, kisiwani Ukerewe. Nahodha Josephat alimwagiza mtumbwi, naye kwa haraka akautengeneza kwa mbao ambazo hazijakauka. Baadaye mbao zilisinyaa, viungo vikaachia, mtumbwi ukazama karibu na mwamba ulio mbele ya mwalo, ufuko wanakoshushia samaki. Watu wanne waliogelea hadi nchi kavu. Kashindye alipoulizwa alijibu, "Mtumbwi wangu ulikuwa mzima. Josephat kaugonga mwambani."

Mwalo ulimwamini fundi. Tangu siku hiyo hakuna mwenye chombo aliyempa Josephat usukani. Kashindye naye akahamia Nyakato.

Mwaka jana alikwenda kupimwa suruali ya kanisani kwa jirani yake Nurudin, fundi cherehani anayefundisha madrasa jioni. Akamsimulia yote.

"Nimetubu mpaka magoti yameota sugu, Maalim."

"Hilo neno tumelipata kwenye Kiarabu, mzee wangu. Asili yake kule ni kurudi. Mtu kapotea njia, anageuka, anarudi. Sasa wewe umerudi wapi? Hapa si bado Nyakato?"

"Nimerudi kwa Mungu."

"Kwa Mungu hakuna kivuko. Kwa Josephat kipo, tena kila siku. Simama wima nipime mguu."

Wiki iliyofuata Kashindye alipanda kivuko. Alifika mwaloni asubuhi, watu wakichambua dagaa, akasimama mbele yao na kusema kwamba mbao zilikuwa mbichi, mwamba haukuguswa, na yeye alisema uongo.

"Miaka tisa!" alidakia Paskazia, mchuuzi wa samaki. "Ulikuwa unatafuta nauli?"

Watu walicheka. Josephat hakucheka.

"Maneno ulishawapa mara moja wakayaamini," alimwambia Kashindye. "Nijengee mwingine. Safari hii waone kwa macho."

Kashindye aliacha kazi kiwandani. Alichagua mbao za mvule zilizokaa chini ya paa mwaka mzima, akaziunga kwa wiki saba na kuziba kila kiungo kwa pamba na lami. Siku ya kuushusha majini alivaa suruali ya Nurudin, ya rangi ya maziwa.

"Wewe utakaa chini kabisa," Josephat aliamuru. "Kwenye mbao."

Akashika usukani. Mwalo mzima ulisimama ukitazama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mwamba, akaupita kwa upana wa mkono, akazunguka, akaupita tena, upepo wa ziwa ukimpiga ubavuni. Hakugusa jiwe. Aliporudi ufukweni, Paskazia ndiye aliyetangulia kuingia majini.

"Mzee, simama! Geuka tukuone!"

Kashindye alisimama, akageuka. Suruali ilikuwa kavu, nyuma na mbele.

Vigelegele vilianzia kwenye vichanja vya dagaa vikaenea ufuko wote. Kabla ya saa sita wenye vyombo wawili walikuwa wamekuja kumwomba Josephat awaendeshee. Aliwaambia wasubiri. Alikuwa anauzungusha mwamba mara ya tatu, Paskazia akiwa abiria.