Nyumba Sita za Chai

Nesi alichora sahani nyuma ya kadi ya kliniki ya mama mkwe wangu. Nusu majani ya maboga, robo maharage, robo ugali wa dona, na huo ugali usizidi ngumi yake. Halafu kila asubuhi atembee saa nzima. Sukari isiposhuka, wanaanza sindano. Mama mkwe amezaa watoto tisa bila kelele, lakini aliposikia sindano alinishika mkono kama mtoto.

Basi nikapika. Mtoto mgongoni, moshi machoni, namwambia mama kunja ngumi, nalinganisha na ugali. Mwezi ukaisha tukaenda kupimwa: imepanda. Nesi akaniangalia mimi, si mgonjwa, akaniuliza kama nyumbani tunaelewana. Akatupa mwezi mmoja, wa mwisho. Mume wangu naye akasema labda naweka sukari kwenye maharage. Kwenye maharage! Nilikasirika mpaka nikacheka.

Kesho yake nikasema naenda kutembea na mama. Mama akasema njia ina matope. Nikasema miguu ninayo.

Jamani. Hapa Nambis hupiti mlangoni kwa mtu bila kusalimia. Ukisalimia unakaribishwa, ukikaa unapewa chai, na chai ya mama mtu mzima ni ya maziwa, sukari vijiko vinne au vitano, maana kidogo ni dharau. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwake kuchafu. Saa nzima ya mama ilikuwa na nyumba sita. Alikuwa anatembea kama alivyoagizwa na anakunywa kama alivyolelewa.

Nyumba ya kwanza nilitoa shikamoo vizuri tu. Nilipoona kikombe kinamfika mdomoni, nikakinyakua, nikakimaliza nimesimama. Mwenyeji, bibi wa rika la mama, akabaki ameshika birika hewani. Mke wa mtoto kamnyang'anya mkwewe! Nikajua habari zangu zitafika Katesh kabla ya mchana.

Mama mkwe akasema polepole, "Mwache anywe. Ananyonyesha."

Bibi akashusha pumzi. Anayenyonyesha hagombezwi kwa kunywa. Akanimiminia kingine.

Njiani nikamuuliza mama kwa nini hakuniambia kuhusu hizo chai. Akanishangaa.

"Nesi alichora sahani," akasema. "Kikombe hakuchora."

Kuanzia nyumba ya pili sikunyakua tena, mama alinipa kikombe mwenyewe. Ya tatu wakasema huyo mtoto wangu bila shaka ana njaa ya ndama. Kufika ya tano nilikuwa nacheka bila sababu, mama anacheka kunizidi, tumeshikana kwenye matope kama walevi, na ni saa tatu asubuhi. Mara mbili niliingia kwenye mahindi kukojoa, naye akasimama zamu, akiwauliza wapita njia habari za ng'ombe, za shamba, za mvua, mmoja mmoja, mpaka nilipotoka.

Tulienda hivyo mwezi mzima. Siku ya kliniki nesi alipima, akatikisa kile kipimo, akapima tena. Imeshuka. Sindano hakuna. Mama mkwe akapiga kigelegele palepale kwenye foleni, wagonjwa wakaitikia bila kujua ni cha nini. Nesi akauliza tumefanyaje.

"Natembea," mama akasema.

Nesi akaandika. Kisha akaniangalia tena, safari hii mashavu, halafu kiuno.

"Na wewe mama, hebu panda hapo kwenye mizani."