Kamera Aliyoitamani Kalolaine

Semisi alipomkimbia mkewe, Fusipala, na kwenda ng'ambo, Auckland, na mwanamke mwingine, alibeba redio, feni na hata shuka za harusi yao. Kamera aliisahau juu ya kabati. Mkewe akaitia kwenye kikapu chake. Shule ya kupiga picha hakwenda, na kijitabu cha maelezo alikiwashia moto.

Alianza kwa kujifurahisha tu: nguruwe wa jirani, watoto waliovalishwa nguo za kanisani, mama mkwe akipiga miayo. Mkanda wa picha ulikwenda mji mkuu, Nuku'alofa, kwa meli kusafishwa, na picha ziliporudi kisiwani kwao Vava'u watu walikuwa wamesahau walikaaje. Wakazipenda hivyo hivyo. Harusi moja ikaita nyingine. Siku za kazi alisuka mikeka, Jumamosi akapiga picha, Jumapili akapumzika kama kila mtu.

Kisha akauza mikeka yake mikubwa, akanunua kamera ya dijitali. Tangu hapo wateja, wakijiona papo hapo kwenye kioo chake, hawakumpa raha.

"Hebu tuone! Futa hiyo, tumbo limetoka."

"Tumbo umekuja nalo mwenyewe, mama."

"Piga tena, nimelibana."

Ile ya zamani hakuna aliyeitamani. Hii mpya kila mtu aliishika, mpaka ikamfikia Kalolaine, binti wa shangazi yake. Huko mtoto wa shangazi ndiye mkubwa wako. Akipenda mkeka wako, anaukunja; akipenda nguruwe wako, anamfunga kamba. Humnyimi, wala hununi mbele za watu.

Siku hiyo mjukuu wa mchungaji alikuwa anaolewa. Keki ilikuwa bado haijakatwa. Kalolaine akanyoosha mkono.

"Fusi, nimeipenda kamera yako."

Wanawake waliokuwa mkekani wakageuka kutazama. Harusi yote ya asubuhi ilikuwa mle ndani: bibi harusi akitoka kanisani, babu yake mwingine aliyeletwa amebebwa kitini. Picha hizo zikipotea, hakuna atakayemwita Fusipala kupiga picha tena. Atabaki na jina moja tu, yule aliyeachwa.

"Chukua, dada."

Akafungua kifuniko cha chini, akachomoa kadi ya picha, kisha akamkabidhi kamera kwa mikono miwili.

"Na hicho kidude?"

"Hiki si changu. Kilicho changu umeshakichukua. Humu mna harusi ya watu. Kamwombe mchungaji."

Bibi mmoja akacheka mpaka akakohoa. "Kalo, kaa ule nyama, mwanangu. Kwa mchungaji hapaombwi."

Kalolaine aliivaa kamera shingoni na kwenda nayo kwenye keki. Hakuna aliyetazamia kwamba angeirudisha, na hakuirudisha. Fusipala alikwenda nyumbani, akaitoa kikapuni ile ya Semisi, akawahi keki ikikatwa.

Picha za kadi zilichapwa hapo hapo kisiwani, mjini Neiafu, wiki ile ile. Za mkanda zilikuja na meli, baada ya watu kuacha kuziulizia. Mke wa mchungaji akazitundika zote sebuleni. Katika ile ya keki, Kalolaine amesimama katikati, mdomo umejaa nyama, kamera ya dijitali imelala juu ya tumbo lililotoka.

Alipoiona, akaenda moja kwa moja kwa Fusipala.

"Fusi, ile ifute."

"Ya mkanda haifutiki, dada."

Fusipala akavuta ukindu mwingine, akaendelea kusuka.